Nilimwekea tiki kwenye ‘mhamiaji’

Saiba yangu iko ghorofa ya kwanza, juu ya agroveti, mwendo wa dakika tano kutoka steji ya matatu za Kaptembwo hapa Nakuru. Nina kompyuta sita, moja imepoteza kitufe cha M, na printa inayokohoa kabla ya kutoa karatasi. Wateja wangu huja na mambo ya serikali: PIN ya KRA, cheti cha tabia njema, mkopo wa HELB, pasipoti ya binti anayekwenda Saudia kufanya kazi. Wengi hawajazi wenyewe. Hukaa kwenye kiti cha plastiki pembeni yangu, wao wakisema, mimi nikigonga. Kazi hii nimeifanya miaka tisa, na nilishaanza kuamini kwamba hakuna fomu itakayonitoa jasho tena.

Mwezi wa nane mwaka 2025 akaja msichana mmoja Mkongo na bahasha ya kaki, akasimama mlangoni akasema, “Yaya, naomba unisaidie.”

Nilicheka. Kwetu yaya ni msichana wa kazi, yule anayebaki na mtoto mama akienda kibaruani. Baadaye mjomba wake, fundi wa vitenge ninayemjua, alinieleza kwamba kule Kivu, mashariki mwa Kongo, yaya ni ndugu yako mkubwa, wa kiume au wa kike, kwa hiyo nilikuwa nimepewa heshima yangu kamili. Basi nikawa yaya.

Alitaka kuomba ufadhili wa masomo ya uuguzi. Fomu ilikuwa ya mtandaoni, ya Kiingereza, na Kiingereza chake kilikuwa bado kinatambaa. Kifaransa anacho, na Kiswahili cha Bukavu anacho, kile cha “batu” na “bintu”, ambacho ukikisikia mara ya kwanza unadhani mtu anakutania. Alitoka Bukavu mwezi wa pili mwaka huo huo, wiki ile waasi wa M23 walipoingia mjini. Goma ilikuwa imekwisha kuanguka mwishoni mwa Januari, kwa hiyo watu wa Bukavu walikuwa wamekaa wiki mbili tatu wakisikiliza zamu yao. Yeye na kakake walivuka kwenda Burundi, wakapita Tanzania, wakaingia Kenya kwa upande wa Isebania. Haya aliyasema kwa mkato, kama mtu anayetaja vituo vya matatu.

Tukajaza. Jina, tarehe ya kuzaliwa, shule ya mwisho. Tukafika kwenye swali la hali yake. Ukibofya pale, orodha inashuka: mkimbizi, mwomba hifadhi, mkimbizi wa ndani, mhamiaji, mtu asiye na uraia, nyingine. Nikaisoma kimoyomoyo. Sikumtafsiria. Nilimtazama, msichana wa miaka kumi na tisa, nywele kasuka vizuri, blauzi imepigwa pasi mpaka kwenye mishono, nikaona vibaya kumwandika mkimbizi. Nikabofya ‘mhamiaji’, tukasonga mbele. Moyoni nilijiona mstaarabu sana.

Jibu lilikuja baada ya wiki tatu. Akapanda ngazi na simu mkononi, akanipa nisome. Ufadhili ule, walisema kwa adabu zao zote, ni wa wakimbizi na watu walioomba hifadhi. Kwa kuwa yeye amejitambulisha kama mhamiaji, ombi lake halingeendelea.

Nilianza kujitetea. Nikamwambia nilidhani neno lile ni la heshima zaidi. Akanisikiliza hadi mwisho, halafu akasema, “Yaya, miye sikuhama. Miye nilikimbia.”

Mtu anayeongea Kiswahili tangu kuzaliwa hakupaswa kuambiwa hivyo na mgeni. Kuhama nakujua. Nimehama nyumba mara tano hapa Nakuru. Unatafuta pikapu, unafunga godoro kwa kamba, unabishana na mwenye nyumba kuhusu deposit, unamrudishia ufunguo, na jirani anakusaidia kubeba kabati huku akisema tutakukosa. Anayehama ana anakohamia, ndiyo maana neno mhamiaji lina ile ‘hamia’ ndani yake: anajua anakwenda wapi, au walau amechagua upande. Kukimbia pia nakujua. Nilikimbia mara moja tu, na sufuria ya maharagwe tuliiacha mekoni.

Ilikuwa Turbo, upande wa Eldoret, mwanzo wa Januari mwaka 2008, wakati wa fujo za baada ya uchaguzi, nikiwa darasa la saba. Sitataja kabila, Mkenya yeyote akisoma Turbo na tarehe ile atajijazia mwenyewe. Nitasema tu kwamba miezi kadhaa kabla ya uchaguzi tulikuwa tumeanza kuitwa ‘madoadoa’. Neno zuri kabisa, la ng’ombe na kanga, na ghafla likawa letu. Doa huondolewa. Mtu akishakuita doa, kinachobaki ni sabuni tu.

Tulilala kituo cha polisi siku nne, kisha lori likatuleta Nakuru, uwanja wa maonyesho ya kilimo. Nilikuwa nimewahi kuusikia redioni tu, kwamba kuna ng’ombe wa maziwa wanaovalishwa utepe. Usiku wa kwanza tulilala kwenye banda la mifugo hiyo. Lilikuwa safi kuliko nilivyotarajia, limefagiliwa, lakini harufu ilikuwa imeingia kwenye saruji na haingetoka kwa maji. Ukutani palikuwa na kibao kidogo cha mbao chenye namba ya ng’ombe, na mdogo wangu akalala chini yake. Baadaye tukapewa hema, nalo likaandikwa namba kwa rangi nyekundu.

Hapo ndipo mama yangu alipogombana na neno. Alikuja kijana mmoja na daftari, akauliza, “Mama, nyinyi wakimbizi mko wangapi hapa?” Mama akamwambia, “Mkimbizi ni nani? Wakimbizi wametoka Sudan na Somalia. Mimi niko Kenya, kitambulisho hiki hapa.” Akakitoa kweli kwenye sidiria, kimefungwa kwenye karatasi ya nailoni. Kijana akakosa la kusema. Akaandika tano, akaenda hema lingine.

Nilidhani ni kiburi cha mtu aliyepoteza kila kitu. Nimekuja kugundua juzi tu, kwa sababu ya yule msichana, kwamba mama alikuwa sahihi kisheria na hakuwa na habari.

Sheria ya kimataifa haiulizi kama ulikimbia. Inauliza kwanza kama ulivuka mpaka. Mkataba wa mwaka 1951, ule wa Geneva, unamtambua mkimbizi kuwa mtu aliye nje ya nchi yake kwa hofu yenye msingi ya kuteswa kwa ajili ya mojawapo ya mambo matano: rangi au asili yake, dini yake, utaifa wake, kuwa kwake katika kundi fulani la kijamii, au mawazo yake ya kisiasa. Hofu hiyo iwe imemfanya asiweze au asitake kujiweka chini ya ulinzi wa nchi yake. Mwanzoni mkataba wenyewe ulihusu matukio ya kabla ya Januari mosi 1951 tu, na macho yote yalikuwa Ulaya baada ya vita. Itifaki ya mwaka 1967 ndiyo iliyoufungulia mlango wa tarehe na wa mahali.

Kwa hiyo mama, na hofu yake yote, na banda lake la ng’ombe, hakuwa mkimbizi kwa maana hiyo. Hakuvuka chochote isipokuwa daraja la Timboroa.

Sasa hapa ndipo Kiswahili kinapotuchezea. Tumemtafutia mtu kama mama jina ‘mkimbizi wa ndani’, na magazeti yetu yanaliandika kila siku. Mwanasheria wa kimataifa akilifikiria neno kwa neno ataona kichekesho, maana kwake mkimbizi ni yule aliye nje. Kwa Kiingereza hawakutumia neno la mkimbizi hapo kabisa, walisema tu mtu aliyeng’olewa makwao akabaki ndani ya nchi. Lakini Kiswahili kinaangalia miguu. Umekimbia? Basi wewe ni mkimbizi, mambo ya mpaka ulizana na wenye ramani. Na kusema kweli mitaani hatukusema hata hivyo. Tulisema ‘aidipi’, yaani IDP, kifupi cha jina hilo la Kiingereza, herufi tatu zilizogeuka kuwa tusi la shuleni. “Toka hapa, aidipi.” Nilipigana mara mbili kwa ajili ya herufi hizo.

Kabla ya hapo hata neno aidipi halikuwepo mitaani. Babu mmoja wa hema la jirani alikuwa ameng’olewa Londiani mwaka 1992, na yeye alijiita ‘mtu wa klashi’, yaani wa mapigano ya wakati ule. Mwaka 2008 akawa aidipi. Alikuwa akisema kwamba serikali haijampa shamba lakini walau kila mara imempa jina jipya.

Kanuni zinazomhusu mtu wa aina hii Umoja wa Mataifa ulizipokea mwaka 1998, na aliyeongoza kazi ya kuziandika alikuwa mtu wa ukanda wetu, Francis Deng, mwanadiplomasia kutoka Sudan. Kanuni si mkataba, hazifungi nchi. Kenya ilikuja kutunga sheria yake mwaka 2012, baada ya zaidi ya watu 600,000 kung’olewa na zaidi ya 1,100 kuuawa katika fujo zile. Sheria hiyo haikuishia kwenye vita, inawataja pia wanaong’olewa na majanga ya asili na miradi ya maendeleo. Nasema hivi kwa sababu kila mvua ikizidi nasikia redioni ‘wakimbizi wa mafuriko’ wa Budalang’i, na siku hizi ‘wakimbizi wa tabianchi’ wa Kihoto kule Naivasha, ambako ziwa liliingia hadi vyumbani. Jina hilo la tabianchi limeenea sana lakini halimo kwenye mkataba wa 1951. Mtu wa Kihoto ni mkimbizi wa ndani kwa sheria ya Kenya, na ni hapo anapopaswa kudai haki yake.

Lakini nilikuwa nikimzungumzia mama. Mama ana mdogo wake, ambaye sisi tunamwita Tata. Wakati ule Tata alikuwa akiuza mitumba Bungoma. Sisi tulipokimbilia mashariki, yeye alikimbilia magharibi kwa sababu barabara ya kuja huku ilikuwa imefungwa kwa mawe na magogo. Alivuka Malaba kwa miguu, mtoto mgongoni, bunda la suruali za jinzi kichwani. Akatupwa na bunda kabla ya daraja. Namaanisha alilitupa yeye, lakini anavyosimulia husema “bunda likanitupa”. Maelfu ya Wakenya walivuka hivyo wiki hizo, na Uganda ikawaweka Mulanda, karibu na Tororo. Baadaye waliobaki wakapelekwa Kiryandongo.

Ndugu wawili wa tumbo moja, fujo zile zile, wiki ile ile. Mmoja aliingia kwenye lori la kuja Nakuru akawa aidipi. Mwenzake alivuka daraja la mto mdogo akawa mkimbizi kamili, wa mkataba, wa UNHCR, shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, mwenye kadi. Mkenya mkimbizi Uganda! Siku hizo hata sisi tulikuwa hatujui kama kitu hicho kinawezekana. Tulizoea kupokea, hatukuzoea kupokewa.

Juzi nilimpigia Tata simu nikamuuliza yote haya. Amerudi Kenya tangu mwaka 2011, anauza ndizi Kitale. Nikamuuliza walikuwa wanaitwaje kule.

“Waganda walikuwa na neno lao refu,” akasema. “Abanoonyi b’obubudamu. Nilichukua mwezi mzima kulitamka.”

“Lina maana gani?”

“Watu wanaotafuta pa kujisitiri. Sasa uone, sisi tunamwita mtu kwa vile alivyokimbia, wao wanamwita kwa kile anachotafuta.” Akacheka. “Ila foleni ya maharagwe ni ile ile.”

Kule Kiryandongo alipewa kipande cha ardhi cha kulima, jembe na sufuria mbili. Ndivyo Uganda inavyofanya na wakimbizi. Mama huku Nakuru alipewa ahadi ya shilingi elfu kumi za kuanzia maisha, na elfu ishirini na tano kwa aliyechomewa nyumba. Mwezi wa tano ikaja Operesheni Rudi Nyumbani. Mama akauliza nyumbani wapi. Waliokuwa na ujasiri wakachanga zile elfu kumi kumi wakanunua vipande vya ardhi. Kule Maai Mahiu kuna kundi lililoiita kambi yao Vumilia Eldoret, na mpaka leo sijasikia jina la mahali linaloeleza mambo kwa maneno mawili namna hiyo. Mama hakupata kitu. Tulikuwa tumehamia chumba cha kupanga kabla karani wa orodha ya pili hajafika, na akasema anaandika walio kwenye mahema. Aliyepanga nyumba, alisema, amejitegemea. Hapo ndipo mama, aliyekataa kuitwa mkimbizi mwezi wa kwanza, alipoanza kubembeleza aitwe hivyo mwezi wa sita. Nilikuwa nimesimama pale. Nadhani tangu siku ile neno hilo likanikaa kooni, na ndiyo sababu sikutaka kumwandikia mtoto wa watu.

Kumbe kwa kumhurumia nilimnyang’anya.

Maana mhamiaji, hata ukilipiga msasa vipi, ni mtu ambaye nchi inaweza kumkubali au kumkataa kwa hiari yake. Hakuna mkataba wa dunia nzima unaompa tafsiri moja. Upo wa mwaka 1990 unaowalinda wafanyakazi wahamiaji na jamaa zao, lakini neno lenyewe mhamiaji ni kama mwavuli wa sokoni: anakaa chini yake mwanafunzi, mfanyabiashara wa samaki, daktari, kibarua wa mjengo, na aliyemfuata mume. Wote wana haki za binadamu, hilo halina mjadala. Ila mkimbizi ana jambo moja la ziada ambalo wengine hao hawana kwa namna ile ile: nchi aliyokimbilia haina ruhusa ya kumrudisha kwenye hatari iliyomkimbiza. Ukimwita mkimbizi mhamiaji, hujamwongezea heshima. Umemtoa chini ya ulinzi huo ukamweka uani.

Na mwomba hifadhi? Hili ndilo lililokuwa jibu la msichana wangu, limeandikwa wazi kwenye karatasi iliyokuwa ndani ya bahasha ya kaki ambayo sikuifungua vizuri. Ni mtu aliyekwisha kusema “nimekimbia, nilindeni”, akaandikishwa, na uamuzi haujatoka. Wengine huandika mtafuta hifadhi. Mimi napenda mwomba, kwa sababu ameshafika mlangoni akabisha hodi. (Neno hifadhi lenyewe, usinicheke, mimi huwa linaniletea picha ya vifaru wa Ziwa Nakuru. Watanzania huandika hivyo kwenye mbuga zao, hifadhi ya taifa.) Kitu nilichokipenda ni kwamba muhuri hauzai mkimbizi. Mtu huwa mkimbizi tangu siku sababu zilipotimia. Serikali inakuja baadaye kutambua kilichopo, kama vile chifu anavyoandika kifo ambacho tayari kimetokea.

Kuna aliyeniambia hapa saiba, mteja wa siku nyingi, kwamba Wakongo hao si wakimbizi wa kweli kwa sababu hakuna aliyewatafuta kwa majina, vita ni vita tu. Kwa mkataba wa 1951 ukiusoma peke yake anaweza kupata pa kushikilia. Lakini Afrika iliandika wake. Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa Septemba 1969 uliibeba tafsiri nzima ya ule wa Geneva, kisha ukaongeza yule anayelazimika kuondoka kwa sababu ya uvamizi kutoka nje, kukaliwa na nchi nyingine, kutawaliwa na wageni, au matukio yanayovuruga vibaya utulivu wa umma katika sehemu ya nchi yake au nchi nzima. Sehemu ya nchi, angalia hapo. Bukavu inatosha, huhitaji Kinshasa nayo iwake. Tafsiri hiyo imo ndani ya Sheria ya Wakimbizi ya Kenya ya mwaka 2021. Nilipoisoma nikaona kwamba wale waliokaa Addis Ababa mwaka 1969 waliandika karibu kabisa na neno letu: umekimbia kwa sababu mahali hapakaliki.

Mteja yule yule akasema basi wengi wao ni haramu, wamepita njia za panya. Panya njia zao tunazijua sote huku, hakuna mtu wa Busia au Malaba anayeweza kujifanya hazijui. Mkataba wa 1951 unasema aliyekimbia hatari na kuja moja kwa moja asiadhibiwe kwa kuingia bila karatasi, mradi ajitokeze kwa wakuu bila kuchelewa na aeleze sababu. Hata kwa yule asiye mkimbizi, mimi hilo neno haramu nimelitoa kinywani. Haramu ni nyama ya nguruwe kwa Mwislamu, ni mali ya wizi. Mtu anaweza kukosa kibali, na ukasema hivyo, hana kibali. Tata alivuka Malaba bila karatasi yoyote isipokuwa risiti ya kodi ya kibanda. Nani angemwita haramu mbele yangu?

Kisha nikakutana na jambo lililonivuruga tena, na silifichi. Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Sheria yetu ya 2021 inamruhusu mkimbizi kutoka nchi mwanachama wa Jumuiya kuachia hadhi yake ya ukimbizi, kwa hiari yake, ili anufaike na haki za Mwafrika Mashariki, mambo ya kufanya kazi na kuishi. Yaani kwa Mkongo, kutoka mkimbizi kwenda mhamiaji ni mlango halali na huenda ukamfaa mtu. Fundi wa vitenge, mjomba wake, analifikiria. Ana cherehani tatu na vijana wawili wanaomsaidia. Anasema amechoka kuwa mkimbizi, anataka kuwa fundi. Lakini anajua anachokiacha mezani, na ameuliza watu watatu kabla ya kuja kwangu. Mimi nilimvusha mpwa wake mlango huo kwa kubofya mara moja, bila kumuuliza.

Hapo nikaanza kusikia maneno haya kila mahali. Binti wa jirani yuko Doha anasafisha hoteli. Sijawahi kusikia mtu mtaani akimwita mhamiaji. Yeye ni ‘diaspora’, na mamake hutembea kifua mbele. Mzungu wa shirika anayepanga Milimani, miaka sita sasa, ni ‘mtaalamu’. Wazungu waliochukua mashamba ya bonde hili zamani wana jina lao la heshima kwenye vitabu vya historia, walowezi. Rafiki yangu wa Kisumu, nilipomweleza, akaniambia Waluo wana ‘jadak’, mtu anayeishi kwenye ardhi ya ukoo mwingine, na kwamba wajukuu wa jadak wanaweza kuendelea kuitwa hivyo siku ya kugawa shamba. Huyo huyo akanikumbusha Wanubi wa Kibos, ambao mababu zao waliletwa na Waingereza kama askari, wakazaliwa hapa kizazi baada ya kizazi, na bado vijana wao wakahangaishwa kupata kitambulisho. Mwaka 2011 kamati ya Afrika ya haki za watoto iliamua kwamba Kenya iliwakosea watoto wa Kinubi. Hiyo ndiyo ile ‘asiye na uraia’ kwenye orodha yangu. Mtu anaweza kuwa hivyo bila kutoka hatua moja nyumbani kwao.

Niliandika barua kwa wale wa ufadhili. Niliandika kwa jina langu, nikasema kosa ni la saiba, mwombaji hakusoma orodha kwa kuwa mimi sikumsomea. Nikaambatisha karatasi yake ya kuomba hifadhi, nimeiskani pande zote mbili. Siku kumi kimya. Siku ya kumi na moja wakajibu kwamba wamefungua fomu upya hadi Ijumaa.

Alikuja Alhamisi, amechelewa, mvua ilikuwa imemkuta kwenye boda. Nikageuza skrini imwelekee, nikampa panya. Tukafika pale. Akafungua orodha, akasoma kila neno kwa sauti, kwa Kiingereza chenye Kifaransa ndani yake, na kila akimaliza moja ananitazama nimwambie kwa Kiswahili. Mkimbizi. Akatikisa kichwa, “bado.” Mwomba hifadhi. “Ni hapa.” Akabofya la pili. Lakini hakuacha hapo, akaendelea kushuka na orodha hadi mwisho, mkimbizi wa ndani, mhamiaji, asiye na uraia, na kwenye ‘nyingine’ akauliza ni akina nani hao. Nikamwambia sijui, labda ni akina yaya.

Printa ikakohoa mara tatu. Nilimtoza shilingi ishirini za kuchapa, zile za kujaza nikamwachia.